Mkaa wa Chilungule

Asubuhi moja ya mwezi wa saba, Emiliana alisimama mbele ya mninga usio na jani hata moja, akakwangua gome la tawi dogo kwa ukucha wa kidole gumba. Chini ya gome palikuwa na kijani kibichi chenye unyevu. Alifuta kidole kwenye koti. Koti lilikuwa la mumewe, kwa sababu upepo wa kipupwe ulikuwa mkali na yeye hakuwa amenunua la kwake tangu ahamie Dodoma.

"Uko hai huu," alisema mzee Bartolomayo, aliyekuwa nyuma yake na ndoo ya rangi nyekundu.

"Uko hai," alikubali Emiliana.

Kisha alichovya brashi ndani ya ndoo, akauchora mti ule alama ya X, kama ile inayochorwa kwenye kuta za nyumba zinazongoja kubomolewa. Maana ya alama ilikuwa kwamba mti umekufa na ni ruhusa kuukata. Wakasogea kwenye mti uliofuata.

Kanuni ya ofisi ya misitu alikofanya kazi Emiliana ilikuwa fupi. Mti usio na jani siku ya ukaguzi ni mti mfu, na mti mfu unaweza kutolewa kibali cha mkaa. Kanuni haikutaja ukaguzi ufanyike mwezi gani. Mwezi ulipangwa na Cornel, mkuu wa kazi wa Emiliana, mtu mpole aliyekuwa na desturi ya kuwaulizia watoto wa watumishi wenzake kwa majina. Cornel alipanga mwezi wa saba. Katika nyanda za Dodoma, mwezi wa saba miti mingi huwa imepukutisha majani ikingoja mvua, na jambo hilo linajulikana na kila mtu, hata mbuzi.

Emiliana alikuwa amelisema ofisini. Alisema msitu wa Chilungule ukikaguliwa mwezi wa kwanza utakutwa wa kijani, na ukikaguliwa sasa utakutwa umekufa wote, isipokuwa mikwaju. Cornel alimsikiliza hadi mwisho bila kumkatiza. Alijibu kwamba mwenye kibali alishakodi malori. Halafu akamuuliza kama mama yake ameshazoea maisha ya mtaa wao wa Nkuhungu, na kama Anthony amefurahi kuwa na mke nyumbani baada ya miaka yote ile.

Emiliana alielewa. Tangu waoane, Anthony alikuwa akifanya kazi katika ofisi za Bunge na yeye akiwa Sumbawanga, wakionana likizo kama ndugu wanaokutana misibani. Mtu aliyemwombea uhamisho wa kumfuata mumewe alikuwa Cornel. Alichukua brashi, akapanda gari la ofisi, akaenda Chilungule.

Wanakijiji walimpokea vizuri. Walimsalimu kwa Kigogo, naye akaitikia kama alivyofundishwa na majirani. Bartolomayo alikuwa mwenyekiti wa kamati ya msitu wa kijiji, mtu wa umri wa kuamkiwa shikamoo, mrefu, mwenye kofia ya sufu. Kazi yake ilikuwa nyuki. Mizinga yake ya magogo ilining'inia katika miti ya ukingo wa korongo, mingine ikiwa ya baba yake, na nyuki waliokuwamo aliwahesabu pia kuwa ni wa baba yake. Alipomwona Emiliana anashuka na ndoo, aliipokea mkononi mwake, kwa kuwa haikuwa heshima mgeni kubeba mzigo akiwa na mwenyeji.

Walizunguka msitu wote pamoja. Kazi ilikwenda haraka kwa sababu wote wawili waliijua miti. Chuoni, mwalimu wa Emiliana alikuwa akiwapeleka porini wakati wa kipupwe kwa makusudi, akisema kuujua mti kwa majani ni sawa na kumjua mtu kwa nguo zake, siku akibadilisha nguo umempoteza. Kwa hiyo Emiliana alijifunza kutazama magome. Mninga aliujua kwa gome lililopasuka vipande kama ardhi ya bwawa lililokauka, na kwa matunda yake ya duara yenye ukingo mwembamba, yaliyobaki yakichezacheza juu. Mturituri aliujua kwa ngozi yake nyembamba inayobanduka kama karatasi. Mpingo ulikuwa na miiba ya kijivu, migumu kama misumari. Mkungugu ulikuwa na miiba ya aina mbili, mirefu iliyonyooka na mifupi iliyopinda, na chini yake palikuwa na maganda ya mbegu yaliyojisokota, ambayo mbuzi walikuwa wakiyatafuna.

Emiliana alitaja jina kwa Kiswahili, Bartolomayo akalitaja kwa Kigogo, wakaitikiana kwa kichwa, kisha rangi ikapakwa. Alikwangua kila mti kabla ya kuuchora. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo, na hakukuwa na mahali pa kuandika alichokiona. Mikwaju ilikuwa na majani, ikaachwa.

Jioni, walipomaliza, Bartolomayo aliuliza jambo moja tu, kama ofisi ingeweza kungojea mvua. Emiliana alisema tarehe ilishapangwa. Mzee alisema, "Haya." Alisafisha brashi kwa mchanga, kwa kuwa maji yalikuwa mbali, akamrudishia.

Wakataji walikuja wiki iliyofuata. Tanuri zilifuka moshi hadi mwezi wa tisa. Nyuki walikaa ndani ya mizinga kwa muda, wakisikiliza misumeno, kisha siku moja adhuhuri wakatoka wote kwa pamoja, wakapaa juu na kwenda zao. Bartolomayo aliishusha mizinga mitupu, akaipanga chini ya upenu wa nyumba yake. Mkaa ukapakiwa kwenye malori, ukaenda mjini.

Mvua za kwanza zilinyesha Nkuhungu mwishoni mwa mwezi wa kumi na moja. Hilda, mama yake Emiliana, alikuwa akipikia gesi chai na mayai, lakini maharage alipikia mkaa, kwa sababu aliamini maharage ya gesi huiva juu juu tu. Asubuhi ya Jumamosi alifungua gunia lililokuwa nyuma ya nyumba, akaangalia ndani, akalifunga. Akalifungua tena.

"Emi," aliita, "mkaa wako umechipua."

Emiliana alitoka na mswaki mdomoni. Vipande vya juu vilikuwa vimetoa vitawi vyembamba, na kwenye vitawi palikuwa na majani machanga, safi, ambayo hayakuwa na doa la masizi. Alichukua kipande kimoja, akakigeuza. Mkono ulichafuka kama kawaida. Majani yalikuwa madogo, ya mviringo, yamejipanga huku na huku ya kikonyo kimoja. Alikuwa ameshika mninga.

"Sasa utawaka?" aliuliza Hilda.

Emiliana alitema povu la dawa ya meno. Alisema hajui. Mama yake aliyachuma majani, akamtupia mbuzi wa jirani, akapanga mkaa kwenye jiko na kuuwasha. Uliwaka. Ulichelewa kidogo kushika, kisha ukaenda vizuri, na maharage yakaiva.

Ndani ya wiki moja ilikuwa hivyo mtaa mzima, na Mkonze pia, na kila mahali palipofika malori ya Chilungule. Mkaa ulichipua ndani ya magunia na majikoni. Vipande vilivyozimwa kwa maji usiku vilikutwa asubuhi vimeota zaidi ya vingine. Watu walijifunza kuamka mapema kidogo ili kuchuma majani kabla ya kuinjika chai. Mafundi wa majiko walianza kutengeneza majiko yenye midomo mipana, ili vitawi visibanane. Mchungaji mmoja aligusia jambo hilo katika matangazo ya Jumapili, baada ya tangazo la harusi na kabla ya tangazo la kwaya, akawaomba waumini wasitupe majani ya mkaa kwenye mtaro wa kanisa.

Muuza mkaa wa kona ya kina Emiliana aliitwa Brightness, mwanamke wa sauti kubwa na aproni nyeusi. Mwanzoni alihofia kwamba wateja watamrudishia magunia. Badala yake, wateja walianza kuchagua. Walikuwa wamesikia kwamba mke wa Anthony ni mtu wa misitu, wakawa wanamletea vipande nyumbani, wengine wakiwa wamevifunga kwenye pindo la kitenge, wakimwuliza huu ni mti gani. Emiliana aliwaambia. Wenye majani mengi madogo kama vumbi na miiba ya aina mbili ni mkungugu, unakaa na moto. Wenye majani yanayong'aa kidogo na miiba ya kijivu ni mpingo, huo unakaa zaidi. Wenye majani matatu matatu, laini, yanayonukia ukiyafikicha, ni mturituri, huo unageuka majivu kabla maji hayajachemka. Ndio uliokuwa ukijazwa chini ya magunia miaka yote bila mnunuzi kujua.

Wanawake walimshukuru sana. Brightness alimnunia kwa siku chache, kisha akatenganisha mkaa wake kwa mafungu, kila mti na fungu lake na bei yake, akapata wateja hadi kutoka mitaa ya mbali. Alimtumia Emiliana gunia la mpingo kama asante.

Emiliana alikuwa akingojea kuulizwa swali jingine. Kila mtu aliyeleta kipande alimtazama usoni, naye alimtazama mwenzake, akingoja aulizwe ilikuwaje mti uliokufa ukatoa jani. Walimwuliza kama mkungugu unafaa kwa makande. Walimwuliza kama majani ya mninga yana madhara kwa kuku. Alipoona swali haliji, alichukua kipande cha mninga chenye majani mengi, akakifunga kwenye gazeti, akaenda nacho kwa Cornel.

Cornel alikifungua juu ya meza yake kwa uangalifu, asichafue karatasi. Alikitazama kwa muda. Akasema nyumbani kwake pia wanachuma kila asubuhi, na binti yake mdogo ameomba kimoja akiweke dirishani.

"Mti uliokufa hauchipui," alisema Emiliana.

"Ni kweli, hauchipui," alisema Cornel. "Na hakuna mti uliochipua. Kilichochipua ni mkaa, na sisi hatuna kanuni ya mkaa unaochipua."

"Mkuu, niliikwangua. Yote ilikuwa hai. Nilikwambia kabla sijaenda."

"Uliniambia. Sijasema hukuniambia."

Alisema hivyo bila ukali wowote, kama mtu anayemsaidia mwenzake kukumbuka. Kisha akamwuliza kama anaweza kukiacha kipande kile ofisini. Kwenye kikao cha mwisho wa mwaka kipande kilikuwa katikati ya meza, ndani ya chungu kidogo cha maua, na Cornel alieleza kwamba kila kipande cha mkaa kilichochipua mjini kinaweza kuhesabiwa kuwa mche. Wajumbe waliliona wazo hilo kuwa zuri. Mwaka ule ofisi yao ilivuka lengo la upandaji miti, na watumishi wote, Emiliana akiwemo, walipewa fulana za kijani.

Mninga ulitangulia kutoa maua. Yalikuwa ya njano, yenye harufu tamu inayofika hadi barabarani, na kwa siku kadhaa watu waliokuwa wakipita Nkuhungu walipunguza mwendo bila kujua kwa nini. Baadaye mpingo ukatoa maua meupe. Nyuki wakaja. Walikuja kwa makundi, wakaingia kwenye majiko ya nje, kwenye vibanda vya mkaa, kwenye mabaraza ya watu, wakafanya kazi yao bila kumdhuru mtu. Akina mama wakajifunza kusogeza sufuria polepole.

Bartolomayo alifika siku mbili baada yao. Alikuja kwa baiskeli kutoka Chilungule, akiwa na kofia yake ya sufu, na alikuwa ametazama juu njia nzima. Aliwafuata nyuki mtaa hadi mtaa, akapiga hodi pale walipokuwa wengi zaidi, na hapo palikuwa kwa Emiliana. Hilda alimkaribisha, akamwekea kigoda kwenye baraza, akampa chai. Emiliana aliporudi kutoka kazini aliwakuta wakizungumza juu ya mbegu za mtama.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Nimewafuata wale," alisema mzee, akionyesha kwa kidevu nyuki waliokuwa juu ya gunia. "Ni wa kwetu."

Emiliana alikaa chini, kwenye kizingiti, bila kuvua viatu. Alikuwa amepanga maneno mengi kwa siku nyingi, kama Bartolomayo angetokea. Yalipotakiwa, yalitoka machache.

"Nilijua, baba. Kila mti nilioupaka, nilijua."

"Najua ulijua," alisema Bartolomayo. "Ulikuwa unakwangua, mimi nakuona. Na mimi nilijua, na ndoo nilibeba mimi."

Hilda aliinuka akaenda kuangalia maharage ambayo hayakuhitaji kuangaliwa. Nyuki walikuwa wakiingia na kutoka.

Baadaye mzee aliomba kuliangalia gunia. Alitoa kipande kimoja kimoja, akakinusa, akakiweka kando. Alifanya hivyo kwa utulivu mkubwa, kama anayechambua mchele. Karibu na chini alikuta kipande kinene cha mninga chenye mfereji uliokizunguka, mahali ambapo waya ulikuwa umeuma kwa miaka mingi hadi gome likaumeza.

"Huu ulikuwa na mzinga wa baba," alisema.

Akaomba aondoke nacho. Emiliana alimwambia achukue gunia zima, na lile la mpingo alilopewa na Brightness pia. Hilda alilowanisha kanga kuukuu, akafunika mdomo wa gunia ili majani yasikauke njiani. Anthony, aliyekuwa amefika wakati huo, alisaidia kufunga mzigo kwenye baiskeli, na kumsindikiza mzee hadi barabara kuu.

Huko Chilungule, Bartolomayo na mkewe Ruthu walichimba mashimo kwenye ukingo wa korongo, kandokando ya visiki, wakaipanda mikaa ile. Udongo ulikuwa na maji ya kutosha. Mbolea ya ng'ombe ilikuwepo. Siku ya pili majani yalilegea, na ya tatu yakadondoka. Kilichobaki ndani ya mashimo kilikuwa mkaa tu, kama mkaa mwingine wowote. Walijaribu tena kwa vipande vingine, wakavipa kivuli, wakavijengea ua dhidi ya mbuzi, ikawa vilevile. Mkaa ulikubali kuota kwenye gunia, na kwenye jiko, na juu ya meza ya Cornel. Kwenye udongo wake haukukubali. Mwishowe walivichimbua, wakaviosha, na Ruthu akapikia ugali. Kile chenye alama ya waya kiliwaka muda mrefu kuliko vyote.

Nyuki hawakurudi Chilungule, kwa kuwa hapakuwa na kitu cha kurudia. Bartolomayo aliwaza kwa siku chache, kisha akafunga mizinga yake kwenye baiskeli, miwili kila safari, akaihamishia mjini. Brightness alimchukua kuwa mlinzi wa kibanda chake cha mkaa. Alilala humohumo, akaamka alfajiri kuchuma majani kabla wateja hawajafika, na mizinga akaitundika kwenye nguzo za uzio. Nyuki waliingia siku ileile. Asali yao ilikuwa na harufu ya moshi kwa mbali, na watu walisema inafaa kwa kifua.

Ruthu alibaki Chilungule na wajukuu na shamba la uwele. Bartolomayo alikwenda kumwona mwisho wa mwezi, mvua zikiruhusu. Emiliana alikuwa akipita kibandani kila jioni akitoka kazini, na alimzoea. Siku moja alimwuliza habari za Ruthu. Mzee alisema hajambo, na kwamba mara ya mwisho walipoonana walikaa muda mrefu sebuleni wakiulizana habari za watu, kama ndugu wanaokutana misibani. Emiliana alinunua asali ambayo hakuwa akiihitaji, akaenda nyumbani.

Mvua zilikwisha mwezi wa nne. Mwezi wa sita baridi ikaingia, na mkaa wote wa mjini ukapukutisha majani yake. Akina mama walifurahi, kwa sababu waliweza tena kulala hadi saa kumi na mbili, na mkaa ulishika moto kwa njiti moja ya kiberiti. Brightness alilalamika kidogo kwamba wateja sasa hawajui wanachonunua, halafu akaanza tena kujaza mturituri chini ya magunia.

Katikati ya mwezi wa saba Cornel alimwita Emiliana. Kulikuwa na msitu mwingine wa kijiji, kwenye barabara ya kwenda Mtera, mkubwa kuliko ule wa Chilungule. Mwenye kibali alikuwa yuleyule. Gari lilikuwa tayari na rangi ilishanunuliwa.

"Nitakwenda mwezi wa kwanza," alisema Emiliana.

Cornel aliweka kalamu chini. Alimwuliza habari za mama yake. Emiliana alisema hajambo. Alimwuliza na habari za Anthony, naye alisema hajambo pia, anakusalimia.

"Nitakwenda mwezi wa kwanza, mkuu," alirudia. Kisha akatoka.

Cornel hakumgombeza, wala hakuacha kumsalimia kwenye korido. Kabla mwezi haujaisha, Emiliana alipangiwa kurudi Sumbawanga, ambako, kama alivyoelezwa, wenyeji bado walikuwa wakimkumbuka kwa kazi nzuri.

Alimwambia Anthony jioni ileile. Anthony alikuwa akipiga pasi shati la kesho. Alimaliza kola, akageuza shati, akamaliza mgongo.

"Umefanya vizuri," alisema.

Akapiga pasi mkono mmoja, na wa pili. Akatundika shati kwenye mlango.

"Ungeniuliza," alisema.

Emiliana alikubali kwamba ilimpasa amwulize. Walikula kwa pamoja, wakaosha vyombo kwa pamoja, jambo ambalo hawakuwa na kawaida ya kulifanya. Iliamuliwa kwamba Hilda abaki Nkuhungu, kwa sababu baridi ya Sumbawanga ingemuumiza magoti, na kwa sababu Anthony peke yake angekula chipsi kila siku.

Asubuhi ya safari Bartolomayo alikuja kumuaga. Alimletea asali kwenye chupa ya maji, ameifunga kwa mfuko wa nailoni isivuje. Aliuliza nani atakwenda kuupaka rangi msitu wa njia ya Mtera. Emiliana alimwambia ni kijana mmoja anaitwa Denis, aliyetoka chuoni karibuni, mtu mzuri tu, ila hajui mti mpaka auone jani. Hatakwangua. Atatazama juu na kupaka, na kazi itakwisha mapema.

Bartolomayo alifikiri.

"Basi itabidi niongeze mizinga," alisema.

Wakaagana kwa mikono miwili. Denis alikwenda, akatazama juu, akapaka. Alimaliza kabla ya chakula cha mchana.

Sumbawanga, Emiliana alipewa chumba katika nyumba ileile aliyokaa zamani, yenye dirisha linalotazama miti ya mipaini. Mipaini haipukutishi majani, na watu wa ofisi yake mpya walikuwa wakikagua mwezi wowote. Aliongea na Anthony kila jioni kwa simu. Wiki za kwanza waliongea sana, kisha wakaanza kuulizana habari za watu.

Siku moja ya mwezi wa kumi na mbili, mchana, mama yake alimpigia. Hilda hakuwa na mazoea ya kupiga simu mchana, kwa hiyo Emiliana alitoka nje ya ofisi, akasimama ukumbini mahali penye mtandao.

"Mkaa mpya umeanza kuchipua," alisema Hilda. "Ule wa njia ya Mtera. Brightness ameniletea gunia, lakini majani yake siyajui. Hakuna anayeyajua hapa. Huyo kijana wenu ameulizwa, amesema anatafuta kwenye simu."

"Yakoje?"

"Mapana kidogo. Hayana miiba."

"Yamegawanyika katikati, au mazima?"

Emiliana alimsikia mama yake akivuta gunia karibu, akimwambia mtu asogee asimzibie mwanga.

"Yamegawanyika. Kama kwato ya mbuzi."

Emiliana aliegemea ukuta. Aliuona mti ule ukiwa mtupu, mwezi wa saba, na magome yake ya kahawia yenye nyufa za wima, na maganda yake bapa, marefu, yakiwa bado juu. Mti ambao angeujua hata gizani kwa kuupapasa.

"Ni msegese, mama."

"Msegese. Unafaa?"

"Unafaa. Unatoa moshi mwanzoni, halafu unatulia."

"Maharage utayaivisha?"

"Utayaivisha."

"Haya," alisema Hilda, "ngoja niinjike."

Hakukata simu. Aliiweka mahali, labda juu ya ndoo au juu ya kigoda, akasahau kuizima. Emiliana alisimama ukumbini, simu sikioni, akimsikiliza mama yake akichuma majani.